Ukurasa Uliokaguliwa Mwisho

Vitabu vingi vya shule vya Kiswahili vilivyochapwa miaka ya 1930 na 1940 vina tamko fupi katika kurasa za mwanzo: kwamba Kiswahili cha kitabu kimesomwa na Kamati ya Lugha na kukubaliwa. Ninavyo kadhaa hapa nyumbani Tanga. Vingine vimepoteza jalada, vingine mchwa wamekula pembe, lakini tamko lile bado linasomeka. Kila nikifungua kimoja hulitazama kwanza, kisha nageuza kurasa kutafuta picha. Tamko linazungumzia lugha tu. Hapana mahali panaposema kuwa kuna mtu aliyetazama mchoro wa chui akajiuliza kama mtoto wa Handeni atamtofautisha na paka, au aliyepima urefu wa herufi akiwaza macho ya mtoto wa miaka saba aliyekaa dawati la nyuma.

Kazi hiyo ndiyo iliyonilea. Nimekuwa msanifu wa kurasa, kisha mhakiki wa kurasa za wenzangu, na nimesikitika kuona kwamba wanaoandika historia ya vitabu vyetu huandika juu ya lugha, sera na fedha. Ukurasa wenyewe, kitu anachokiona mtoto kabla hajajua kusoma herufi hata moja, hupita bila kutajwa. Hivyo nauandika mimi, kwa kadiri ninavyoujua.

Usanifu wa ukurasa haukuletwa kwetu na mashine. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, na walionakili tenzi huko Pate na Lamu walikuwa na kanuni zao: vipande vilipangwa kwa safu ili jicho lishike mizani, na vituo vilitengwa kwa alama zilizochorwa kwa mkono. Nimewahi kuonyeshwa nakala za namna hiyo. Pambizo zake ni pana, wino umetulia, na msomaji haulizi pa kuanzia. Mnakili alikuwa mhakiki wa ukurasa wake mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye aliyeuandika na mara nyingi ndiye aliyeusoma mbele za watu.

Mashine ilipokuja, kazi hizo ziligawanywa. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA. Misheni ikawa na mtambo mdogo wa kuchapia, na vijana waliokombolewa kutoka utumwani wakafundishwa kupanga herufi za risasi. Huku kwetu Tanga, shule ya serikali ya Wajerumani iliyoanza miaka ya 1890 ilikuwa na kiwanda chake cha uchapaji, na gazeti la *Kiongozi* likachapwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Wanafunzi wa shule walishika kazi ya mtambo. Walijua kupanga mstari ukanyooka, walijua kuona herufi iliyochakaa wakaitoa. Lakini picha hawakuwa na mamlaka nayo. Picha ilikuwa bloki ya chuma au ya mti, ilichongwa Ulaya, ikasafirishwa baharini, na kwa kuwa ilikuwa ghali ilitumiwa tena na tena katika kitabu hiki na kile. Mwandishi aliandika habari ya shamba, na bloki iliyokuwapo ilikuwa ya shamba la ngano lenye uzio wa mbao. Basi shamba likawa hilo.

Mwaka 1925 palifanyika mkutano wa elimu Dar es Salaam, na mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukakubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya nchi nne, yaani Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, ikaanza kazi, katibu wake akiwa Frederick Johnson. Miongoni mwa majukumu yake lilikuwa kupitia Kiswahili cha vitabu vya shule kabla havijachapwa na kukirekebisha. Kamati hiyo ilihama Dar es Salaam ikaenda Nairobi, kisha Makerere, kisha Mombasa, ikarudi Dar es Salaam, na mwaka 1964 ikageuka kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI.

Naiheshimu kazi ile. Kwa sababu yake mtoto wa Songea na mtoto wa Mombasa walisoma tahajia moja. Ila iliacha desturi ambayo tumekaa nayo hadi leo: kuhakiki kitabu maana yake ni kushika penseli na kusoma maneno. Waliokaa mezani walikuwa maofisa wa elimu, wamisionari, wataalamu wa lugha. Walipokea muswada uliopigwa taipu, bila picha, bila mpangilio wa kurasa. Walipokwisha kuukubali, ukaenda kwa mpiga chapa, na yeye akaamua mengine yote: ukubwa wa herufi kwa kuangalia karatasi aliyonayo, mahali pa picha kwa kuangalia nafasi iliyobaki. Kitabu kiliporudi kimeshajalidiwa, hapakuwa na wa kumuuliza.

Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1948 chini ya Charles Richards, lilisogeza jambo hili hatua moja. Lilikuwa na wahariri walioshika kitabu kutoka muswada hadi duka, na lilianza kuagiza michoro kwa ajili ya kitabu chenyewe badala ya kutegemea bloki zilizokuwapo ghalani. Michoro ya vitabu vyake vya miaka ya 1950 naipenda: mistari michache, miili yenye uzito, vyungu na majembe yanayofanana na ya kwetu. Shirika lilikufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Wakenya wakarithi sehemu yake katika Kenya Literature Bureau. Sisi tulikuwa tumeshashika njia yetu.

Kabla sijafika huko, lazima niseme habari ya tembo na swala, kwa sababu iliathiri mikono ya wachoraji wengi. Mwaka 1960 William Hudson, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Afrika Kusini, alichapisha utafiti wake wa picha chache za mistari. Katika mojawapo mwindaji ameinua mkuki. Mbele yake yupo swala, na katikati yao, juu ya kilima kilicho mbali, yupo tembo aliyechorwa mdogo. Mtazamaji aliulizwa mwindaji anamlenga nani, na ni yupi aliye karibu naye. Aliyejibu tembo alihesabiwa kuwa haoni umbali katika picha. Kutokana na hilo wengi wakahitimisha kwamba Mwafrika hawezi kusoma picha, na hitimisho hilo likaingia katika miongozo ya vitabu, mabango ya afya na mafunzo ya watu wazima.

Mimi picha ile nimeitazama mara nyingi kwa jicho la fundi. Ni mchoro maskini. Hauna majani yanayopungua kadiri yanavyokwenda mbali, hauna kivuli wala ukungu, na kilima chenyewe ni mstari mmoja uliopinda. Umbali wote umebebeshwa udogo wa tembo, na udogo wa tembo unaweza kumaanisha ndama. Watafiti waliofuata walionyesha kwamba ukiongeza dalili nyingine katika picha, majibu hubadilika. Wenye haki walikuwa watazamaji: walisema walichokiona. Mchoro ndio ulioshindwa mtihani, na wao wakapewa sifuri.

Hata hivyo mjadala ule ulizaa faida moja. Kwa mara ya kwanza watu wazito walikubali kwamba picha ya kitabu inaweza kupimwa kwa kumuuliza anayeitazama. Andreas Fuglesang, Mnorwe aliyefanya kazi Zambia, alifanya majaribio ya kuondoa mandhari nyuma ya kitu kwenye picha ili kitu chenyewe kitambulike. Kwetu, miaka ya 1970 ilikuwa miaka ya kisomo cha watu wazima na ya kampeni ya *Mtu ni Afya* ya mwaka 1973, iliyokusanya takriban watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio wakiwa na vijitabu mkononi. Walimu wa kisomo walirudi kutoka vijijini na habari za namna watu walivyosoma michoro, na kisa kimoja kilizagaa kote: kwamba watu walioonyeshwa mbu aliyekuzwa ukubwa wa kuku walishukuru kwamba mbu wa kwao ni wadogo. Sijui kilitokea kijiji gani na sijali. Tangu nilipokisikia sijawahi kuidhinisha mchoro wa kitu kilichokuzwa bila kuwekewa pembeni kitu kile kwa ukubwa wake halisi.

Mwaka 1967 ulikuja na Elimu ya Kujitegemea, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi Tanzania. Mfululizo wa *Tujifunze Lugha Yetu* ukaingia madarasani. Taasisi ya Elimu, iliyozaliwa ndani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960 na kupewa sheria yake mwaka 1975, ikawa ndiyo yenye kutunga. Tanzania Publishing House, iliyoanzishwa 1966, ikawa miongoni mwa wachapishaji wa umma. Picha zilibadilika ghafla. Ngano ikatoka, mahindi yakaingia, na ukimtazama mwalimu wa kwenye mchoro unaona amevaa shati la mikono mifupi na ameshika jembe pamoja na wanafunzi wake. Hilo lilikuwa badiliko la maudhui. Ukurasa ulibaki na shida zake, na mwaka 1977 Elimu kwa Wote ilipojaza madarasa, karatasi haikutosha na herufi zikabanwa.

Nilijiunga na kazi hii Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1980. Maandishi yalitoka kwenye mashine ya kupangia herufi kama vipande virefu vya karatasi ya picha. Tulivikata kwa wembe tukavibandika kwa gundi ya mpira juu ya karatasi ngumu yenye mistari ya buluu hafifu, buluu ambayo kamera haiioni. Vichwa vya sura tulivihamisha herufi moja moja kwa kusugua karatasi za Letraset. Mzee aliyenifundisha alikuwa amepanga herufi za risasi tangu ujana wake enzi za Mwingereza. Kila nilipompelekea ukurasa aliugeuza juu chini.

"Mzee, umeushika vibaya," nilimwambia siku za mwanzo.

"Mwanangu, nikiusoma sitauona," alinijibu. "Kaa hapa, uniambie weusi umelala wapi."

Weusi ukilundikana pembe moja, mtoto ataanzia hapo, hata kama somo linaanzia kwingine. Hilo ndilo alilotaka nilione. Aliushikilia ukurasa kwa mkono ulionyooka, akafumba jicho nusu, akaniuliza ni kitu gani kinatangulia kuonekana. Jibu likiwa namba ya ukurasa au mstari wa kupambia, ukurasa ulirudi mezani ukabanduliwa.

Alikuwa na elimu nyingine isiyoandikwa popote. Alinikataza kujaza nyuso kwa mistari midogo ili kuonyesha ngozi nyeusi. Kwenye karatasi ya mchoro, uso uliojazwa hivyo unapendeza. Mtamboni, kwa karatasi ya gazeti na pleti iliyochoka, wino hujaa katikati ya mistari, na mama mwenye tabasamu anageuka doa lisilo na macho. Alitaka uso uachwe wazi, na weusi wa mtu uonekane kwa umbo la midomo, kwa nywele, kwa namna kitambaa kilivyofungwa kichwani. Wachoraji wetu wa kizazi kile walijifunza kuchora Mwafrika kwa mstari mtupu, na waliofaulu walikuwa mabingwa kweli.

Rangi nayo ilikuwa na hesabu yake. Karatasi kubwa moja ikikunjwa hutoa kurasa 16, na rangi ya pili ililipiwa kwa karatasi nzima, si kwa ukurasa. Kwa hiyo ilibidi kurasa zenye kuhitaji rangi ziangukie pamoja. Ramani ya mito ikiangukia nje ya mafungu hayo, inachapwa nyeusi, na mito, mipaka na reli vyote vinakuwa mstari ule ule. Tena rangi ya pili ilikuwa moja kwa kitabu kizima. Nimeshika kitabu cha sayansi ambacho mchapishaji alichagua nyekundu: majani mekundu, maji mekundu, na moyo wa binadamu, kitu pekee kilichostahili nyekundu, ulikuwa umeangukia fungu la nyeusi tupu. Mwalimu aliyenionyesha alikuwa amepaka majani rangi kwa mkono katika nakala yake, jani baada ya jani, kwa penseli ya kijani.

Na dawati. Nyaraka za vitabu huongea kana kwamba kila mtoto amekaa na kitabu chake, kiko wima mbele yake, kwenye mwanga mzuri. Darasa nililolijua mimi lilikuwa na watoto watatu au wanne kwa kitabu kimoja. Wa katikati anakiona sawa, wa pembeni wanakiona kwa mshazari, na akiwepo aliyekaa upande wa mbele anakisoma kichwa chini. Mwanga unatoka dirishani, upande mmoja. Karatasi inayong'aa inamfumba macho aliye karibu na dirisha, na karatasi nyepesi inaonyesha maandishi ya upande wa pili wa jani. Ndiyo maana ninapohakiki kitabu nakilaza mezani, nasogea kando hatua moja, nasoma kwa mshazari. Kisha nakipeleka penye dirisha. Herufi ambayo mtoto wa pembeni haioni ni somo ambalo hakulipata, na mwisho wa mwaka ataambiwa hajui kusoma.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 sera ilibadilika, wachapishaji binafsi wakaruhusiwa kutoa vitabu vya kiada. Walter Bgoya, aliyekuwa ameiongoza Tanzania Publishing House, alianzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991. Mwaka huo huo ukaanza Mradi wa Vitabu vya Watoto, ambao uliwaweka waandishi na wachoraji chumba kimoja katika warsha zake. Wengi wa wachoraji ninaowaamini leo walipitia warsha za namna ile. Kompyuta zikaingia, wembe na gundi vikawekwa kando, na kwa mara ya kwanza mtu mmoja aliweza kuona maneno na picha kwa pamoja kabla ya mtambo.

Ithibati ya serikali kwa vitabu vya wachapishaji binafsi ilisimamiwa na kamati iliyojulikana kwa kifupi cha EMAC. Kenya nao, baada ya sera yao ya 1998, walikuwa na *Orange Book*, orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa ambamo shule ilichagua, na elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003 orodha hiyo ikawa na uzito mkubwa. Kwetu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulipeleka fedha za vitabu shuleni kuanzia 2002. Wachapishaji walishindana, na ushindani ukaleta rangi nne, majalada yanayong'aa, picha za kompyuta. Vingine vilikuwa vizuri sana. Vingine vilirembwa hadi somo likapotea: kila sanduku na rangi yake, kila kichwa na fonti yake, nyota na maua pembezoni. Mtoto anayejifunza herufi ya "a" alikutana nayo kwa maumbo mawili katika ukurasa mmoja, ile ya duara anayoandikishwa daftarini na ile yenye mkono juu, inayotumika katika vitabu vya watu wazima, wala hapakuwa na aliyemwambia kwamba ni herufi ile ile.

Miaka hiyo nilihakiki kwa niaba ya wachapishaji mbalimbali na miradi ya wahisani. Fomu ya kwanza niliyopewa ilikuwa na sehemu ndefu ya mtaala, sehemu ndefu ya maudhui, sehemu ya lugha, na mwishoni kabisa mstari mmoja wa michoro na mpangilio. Mhakiki alitakiwa kuandika kama inafaa au haifai. Sikuweza kuandika neno moja juu ya kitabu chenye michoro zaidi ya mia. Niliambatanisha karatasi zangu: ukurasa huu madaktari wote ni wanaume na wauguzi wote ni wanawake, ukurasa huu maelezo ya jaribio yako mbele na mchoro wake uko nyuma ya jani, ukurasa huu kivuli cha mti kinaangukia upande wa jua. Jibu nililozoea kupata ni kwamba maoni ni mazuri, lakini pleti zimeshatengenezwa, yatazingatiwa toleo lijalo.

Mwaka 2012 zikaja fedha za rada. Kampuni ya BAE Systems ililipa pauni milioni 29.5 kufuatia mauzo ya rada kwa serikali yetu, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilinunua vitabu vya shule za msingi. Watu waliziita chenji ya rada. Vitabu vilipofika kwa wingi namna ile, watu wengi zaidi walivifungua, na mapema 2013 Mbunge James Mbatia alilifikisha Bungeni suala la mitaala na udhaifu wa vitabu. Mwaka huo huo EMAC ilivunjwa. Baadaye utunzi wa vitabu vya kiada ukarudishwa Taasisi ya Elimu Tanzania, na mwaka 2017 makosa ya vitabu yakajadiliwa Bungeni kwa mara nyingine.

Nilifuatilia mijadala yote miwili. Ilinipa moyo kuona Bunge la nchi limesimama kwa ajili ya kitabu cha darasa la tatu. Lakini makosa yaliyosomwa yalikuwa hasa ya maneno na ya hesabu, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoweza kusomwa kwa sauti kwenye kipaza sauti. Ukurasa uliojaa kupita kiasi hausomeki kwa sauti. Mchoro unaomdanganya mtoto hauwezi kunukuliwa katika kumbukumbu za Bunge. Na aliyevunja kamati moja na kuunda nyingine bila kubadili hatua ambayo ukurasa unatazamwa, amebadili wahakiki tu.

Badiliko la kweli nililiona kwenye vitabu vya kusoma vya madarasa ya chini. Kenya ilipoanza mpango wa Tusome nchi nzima mwaka 2015, na sisi mwaka huo huo tulipoanza mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, kwa darasa la kwanza na la pili, watu wa kufundisha kusoma ndio waliokuwa na sauti, na wao wanaujua ukurasa. Herufi kubwa, nafasi ya kutosha kati ya maneno, mistari michache, picha moja inayobeba hadithi, na alama ndogo ile ile kila mara zinapokuja kazi za aina ile ile. Mtoto anaizoea alama hiyo kabla hajaweza kusoma maelekezo. Taasisi ya Elimu imekuwa ikitoa pia vitabu vya maandishi yaliyokuzwa kwa wenye uoni hafifu, na ningependa kila msanifu kijana aanzie kazi huko. Kuukuza ukurasa kunamlazimisha kuamua nini kibaki.

Kisha skrini. Kenya iligawa vishikwambi shule za msingi kuanzia 2016, vikiwa na masomo yaliyoandaliwa na taasisi yao ya mitaala, KICD. Kwetu shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, vitabu vilitembea kwa WhatsApp. Kitabu kilichosanifiwa kwa karatasi kubwa kikafunguliwa kwenye simu ya mama, yenye kioo kilichopasuka, na mtoto akawa anavuta ukurasa kwa vidole kushoto na kulia, akifika mwisho wa mstari amesahau mwanzo wake. Watu walisema tumeingia elimu ya kidijitali. Niliona ni ukurasa ule ule wa zamani, safari hii umewekwa mahali padogo zaidi.

Kwenye skrini kuna vipimo ambavyo karatasi haikuwahi kutupa. Miongozo ya kimataifa ya tovuti inadai tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake isipungue uwiano wa 4.5 kwa 1, na programu hukupimia papo hapo. Nimekuta somo la sayansi lenye maandishi ya manjano juu ya kijani kibichi, nikatoa kipimo, na mjadala ukaisha. Kwa karatasi ningebishana mchana kutwa. Lakini kipimo hakijui kama mtoto ataelewa kuwa mshale ule unabonyezwa. Hilo linahitaji mtoto. Ubongo, watengenezaji wa vipindi vya katuni vya Dar es Salaam vilivyoanza kurushwa TBC mwaka 2014, wamezoea kuvipeleka vipindi vyao kwa watoto kabla ya kuvimaliza. Nimetamani kuona utaratibu huo ukiwa sharti kwa kila kitabu cha kiada, cha karatasi na cha skrini, ukiwa na fungu lake katika bajeti.

Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta vitabu vingi kwa mpigo, na timu moja iliyoniita safari hii iliniita mapema. Muswada wa sayansi ulikuwa bado nusu. Mwandishi, Mwalimu mwenye miaka mingi darasani, alikuwa ameandika aya sita juu ya mzunguko wa maji. Mchoraji akachora mbele yetu: bahari, jua, wingu, mvua mlimani, mto. Mwalimu akautazama mchoro, akasema mto ule unapanda mlima. Ulikuwa unapanda kweli, kwa sababu mshale wake ulianzia baharini. Ukachorwa upya. Kisha Mwalimu mwenyewe akafuta aya nne, akisema mchoro umeshazisema, na nafasi iliyopatikana ikatosha kukuza herufi na kuweka jaribio la sufuria na mfuniko kwenye ukurasa huo huo, mchoro na maelezo pamoja.

Tuliupeleka ukurasa huo shule ya jirani ukiwa umechapwa kwa printa ya ofisini. Watoto wawili waliuliza bahari iko wapi, maana mchoraji, mzaliwa wa bara, alikuwa ameichora bila ngalawa wala mikoko, na kwa mtoto wa Tanga maji matupu namna ile ni bwawa. Mchoraji akaongeza ngalawa. Mwalimu akasema kitabu ni cha nchi nzima, na huko Singida ngalawa haitamsaidia mtu. Wakakubaliana kuandika jina la kila kitu ndani ya mchoro, kwa herufi za ukubwa ule ule wa somo, na ngalawa ikabaki. Kitabu cha jiografia kinafuata, na mchoraji wa ramani ameshaitwa kwenye kikao cha kwanza.